Mipangilio ya Hiari Katika Kompyuta: Tuitunze Isipotee



Katika ofisi za viwanda, za mashamba na za matawi ya chama wapo wenzetu ambao chombo chao cha kazi si nyundo wala panga, bali ni kompyuta. Karani wa mishahara, mtunza stoo, kijana anayeandika majina ya wanachama, wote hao ni wafanyakazi kama wengine. Chombo chao kikienda vibaya, wao ndio wa kwanza kulaumiwa. Makala hii inawahusu wao, na inawahusu pia wale wanaowategemea kupata hesabu zao kwa wakati.

Jambo lenyewe ni hili. Programu nyingi za kompyuta zina mipangilio ya lazima na mipangilio ya hiari. Ya lazima ikikosekana, kazi husimama na kila mtu huona. Ya hiari ikikosekana, kazi huendelea na hesabu hubaki sahihi, ila kila kitu huenda polepole. Kwa kuwa hakuna kilichovunjika, hakuna anayetafuta kilichoharibika. Anayetafutwa ni mtu. Watu husema, "Siku hizi karani yule amekuwa mvivu." Kumbe karani ni yule yule, isipokuwa mpangilio mmoja umetoweka na hakuna aliyeambiwa.

Tutaeleza jambo hili kwa mfano wa programu iitwayo Git, kwa sababu inatumika duniani kote na kwa sababu hesabu zake zinaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

GIT NI NINI?

Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi. Kila unapomaliza sehemu ya kazi, unaiambia iandike. Nayo huandika nini kimebadilika, nani amebadilisha, siku gani na saa gani. Ukitaka kuona jalada lilivyokuwa mwezi uliopita, unaliona. Haifuti ya zamani ili kuweka mapya, bali hupanga toleo jipya juu ya lile la zamani, kama kitabu cha zamu ambacho hakuna anayeruhusiwa kuchana ukurasa wake.

Ilianzishwa mwezi wa Aprili 2005 na Linus Torvalds, mtu wa Finland, baada ya wenye programu iliyokuwa ikitumika kabla yake kuondoa ruhusa ya kuitumia bure. Tangu Julai ya mwaka huo msimamizi wake amekuwa Junio Hamano, mtu wa Japani. Waliotengeneza programu huitumia kutunza maandishi ya programu zao, lakini haikatai kazi nyingine. Kumbukumbu za mikutano, mikataba ya pamoja na mafaili ya malalamiko yanaweza kutunzwa humo vile vile.

Sifa yake moja inatuhusu sana sisi wa Kasese. Kila nakala ya Git ina historia yote. Hakuna kompyuta moja kuu inayoshika kila kitu huku nyingine zikiomba. Nakala ikiwa Kasese na nyingine Bwera, kila moja ni kamili. Wenyeji hawahitaji kuelezwa faida ya jambo hilo. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na mara zote mbili maji yaliiharibu hospitali ya Kilembe na nyumba za watu. Karatasi iliyolowa matope haisomeki tena. Nakala iliyo mahali pengine, juu ya njia ya maji, husomeka.

Lakini kuna kitu ambacho nakala ya Git haichukui. Hicho ndicho kiini cha makala hii, nasi tutakifikia.

KWA NINI KOMPYUTA INACHELEWA?

Fikiri stoo ya marobota ya pamba yenye vyumba mia mbili. Kila asubuhi msimamizi anauliza, "Kuna nini kipya?" Mtunza stoo ana kitabu chenye orodha ya kila robota linalojulikana. Ili kujibu, anafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kulitazama kila robota lililoandikwa kitabuni kama liko vile vile. Ya pili ni kuzunguka vyumba vyote kutafuta marobota mapya ambayo bado hayajaandikwa.

Git hufanya hivyo hivyo. Ina faili moja ambalo ni orodha ya mafaili yote inayoyajua. Ukiiuliza kuna nini kipya, hupitia orodha, kisha huzunguka katika kila folda kutafuta mafaili mageni. Mafaili yakiwa mia, jibu huja papo hapo. Yakiwa makumi ya maelfu, na kompyuta ikiwa ya zamani, unangoja. Na karani huuliza swali hilo mara nyingi kwa siku.

Sasa mtunza stoo mwerevu anafanyaje? Anapiga lakiri kwenye kila mlango jioni, na kuandika kwenye kikaratasi alichokiona ndani. Asubuhi, lakiri ikiwa nzima, hafungui mlango. Anasoma kikaratasi cha jana. Anafungua vile tu ambavyo lakiri imevunjika. Kazi ya saa nzima inakuwa ya dakika chache, na jibu ni lile lile.

Tangu toleo 2.5 la Julai 2015, Git ina kikaratasi cha namna hiyo. Lakiri yake ni ile saa ambayo kompyuta huiandika kwenye folda kila faili linapoongezwa au kuondolewa ndani yake. Saa isipobadilika, Git haisomi folda upya, bali hutumia ilichoandika mara ya mwisho.

Kwa nini basi jambo jema hivyo likawa la hiari? Kwa sababu lakiri ina faida pale tu ambapo kila anayefungua mlango huivunja. Kama stoo ina dirisha la nyuma ambalo watu hupitishia mizigo bila kugusa lakiri, kikaratasi kitasema uongo. Si kila diski, wala si kila mtandao wa ofisi, huandika saa ya folda kwa uaminifu. Ndiyo maana waliotengeneza Git hawakulazimisha. Waliweka kipimo cha kujaribu kwanza, ndipo mwenye mashine aamue.

KIKARATASI KINAVYOPOTEA

Kikaratasi hicho hubandikwa nyuma ya orodha ya Git. Kila kinachobandikwa hapo kina alama ya herufi nne. Kanuni yake ni nyepesi: alama ikianza kwa herufi kubwa, kitu hicho ni cha hiari, na programu isiyokijua inaruhusiwa kukipita. Ikianza kwa herufi ndogo, kitu hicho ni cha lazima, na programu isiyokijua haina ruhusa kuendelea kana kwamba haijakiona. Kikaratasi chetu kina alama UNTR, herufi kubwa. Kwa hiyo ni cha hiari.

Kanuni hii ni ya busara, kwani inaruhusu programu ya zamani na mpya kufanya kazi kwenye orodha moja bila kugombana. Lakini ina gharama yake. Karani mgeni akipewa kitabu cha stoo akinakili upya kwa mwandiko safi, atanakili kurasa zote za lazima. Kikaratasi asichokielewa, kilichobandikwa nyuma, huenda akakiacha. Kitabu kipya ni sahihi, wala hajaiba kitu wala kuongopa. Ila kesho asubuhi mtunza stoo atazunguka vyumba vyote mia mbili, bila kujua kwa nini.

Hivyo ndivyo kikaratasi kinavyoweza kupotea katika kompyuta. Programu nyingine isiyokijua ikiandika orodha upya, huenda kikaachwa nje. Orodha ikiharibika na mtu akaifuta ili Git iitengeneze upya, kikaratasi huenda pamoja nayo. Folda nzima ikinakililiwa kwa flashi kwenye mashine nyingine, kikaratasi hufika lakini huenda kisitumike, kwa kuwa ndani yake kimeandikwa aina ya mfumo wa kompyuta na mahali kilikotoka.

NENO MOJA LENYE KUDANGANYA

Mwanzoni, mtu alikuwa anaiamuru Git ibandike kikaratasi, na amri hiyo ilibaki kwenye orodha tu. Orodha ikipotea, amri imepotea. Machi 2016, katika toleo 2.8, Git ilipata mpangilio unaoandikwa mahali pake, nje ya orodha. Unaitwa core.untrackedCache, na unakubali maneno matatu.

Neno la kwanza ni true. Maana yake: kikaratasi kiwepo, na kama hakipo, kitengenezwe.

Neno la pili ni false. Maana yake: kikaratasi kisiwepo, na kama kipo, kiondolewe.

Neno la tatu ni keep. Maana yake: acha kama ulivyokuta. Kikiwepo, kitunze. Kisipokuwepo, usikianzishe. Mtu asipoandika lolote, hili ndilo linalofuatwa.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wengi hujikwaa hapa. Neno hilo la tatu lina sura ya kutunza, na kwa kweli linatunza, lakini linatunza hali iliyokutwa tu. Halirudishi kilichopotea. Ni kama askari aliyeambiwa, "Linda kilichomo ghalani." Ghala likiwa limejaa, analinda mali. Likiwa tupu, analinda utupu kwa uaminifu ule ule. Anayetaka kikaratasi kirudi kila kinapopotea hana budi aandike true.

NAKALA HAIBEBI MIPANGILIO

Sasa turudi kwenye mafuriko. Tuseme kompyuta ya tawi la Kasese imeharibiwa na maji, na nakala kamili iko Bwera. Wenzetu wa Bwera wanaitoa, mashine mpya ya Kasese inaipokea, na historia yote imerudi, tangu siku ya kwanza. Hata jina moja halikukosekana. Watu wanafurahi, na wana haki ya kufurahi.

Lakini mipangilio haikurudi. Git inaponakili hifadhi kutoka mashine moja kwenda nyingine, huchukua kazi na historia yake. Haichukui faili la mipangilio la mashine ile ya kwanza, na orodha hutengenezwa upya. Kwa hiyo mashine mpya inaanza na neno la tatu, "acha kama ulivyokuta," nayo imekuta pakavu.

Je, hilo ni kosa la waliotengeneza? Hapana, walikusudia, na sababu yao ni nzuri. Baadhi ya mipangilio ya Git inaweza kutaja programu ya kuendeshwa. Mfano ni core.fsmonitor, ambao ni kama askari wa getini anayeandika kila faili linaloguswa ili Git isizunguke yenyewe. Mpangilio huo unaweza kutaja programu yoyote uliyo nayo, na tangu toleo 2.37 la mwaka 2022 Git ina askari wake wa ndani kwa mashine za Windows na Mac. Kama mipangilio ingesafiri pamoja na nakala, mtu mwenye nia mbaya angekupa hifadhi, na kwa kuipokea tu ungeendesha programu yake ndani ya kompyuta yako. Kwa hiyo mlango umefungwa kwa usalama. Basi ni juu yetu kubeba mipangilio kwa mkono.

LA KUFANYA

Haya yafuatayo yanaweza kufanywa na karani yeyote, bila kumngoja fundi kutoka Kampala.

Kwanza, jaribu diski. Ukiwa ndani ya folda ya kazi, andika:

git update-index --test-untracked-cache

Git itajaribu kama saa za folda zinaandikwa kwa uaminifu. Jaribio huchukua sekunde kadhaa. Likimalizika kwa OK, endelea. Lisipomalizika hivyo, usilazimishe. Afadhali kazi ya polepole iliyo sahihi kuliko ya haraka inayoficha mafaili.

Pili, andika mpangilio mahali pa kudumu:

git config core.untrackedCache true

Sasa orodha hata ikifutwa, kikaratasi kitatengenezwa tena. Mpangilio unaweza kuandikwa kwa hifadhi moja, kwa mtumiaji mmoja, au kwa mashine nzima. Ule wa hifadhi una nguvu kuliko wa mtumiaji, na wa mtumiaji una nguvu kuliko wa mashine. Kwa hiyo mtu akiandika false katika hifadhi, true yako ya juu haitafaa kitu.

Tatu, andika mipangilio katika faili la kawaida ndani ya kazi yenyewe, kwa mfano mipangilio.txt, ili isafiri na nakala. Katika kila mashine mpya toa amri mara moja tu:

git config include.path ../mipangilio.txt

Git itasoma faili hilo kila mara. Lakini kumbuka hatari tuliyoitaja. Anayeweza kulibadilisha faili hilo anaweza kuibadilisha kompyuta yako. Basi wanaoruhusiwa kuligusa wawe wachache, na kila badiliko lisomwe na mtu wa pili. Chini ya kila mpangilio andikeni sababu yake. Mpangilio usio na sababu hufutwa na mgeni wa kwanza atakayeuona.

Nne, kagua baada ya kila badiliko: mashine mpya, programu mpya, nakala iliyorudishwa. Andika:

git config --show-origin --get core.untrackedCache

Git itajibu neno lililowekwa na faili lilimoandikwa. Isipojibu kitu, ujue hakuna aliyeandika, na mko kwenye neno la tatu.

Tano, pima kwa saa. Andika sekunde zinazotumika kabla ya badiliko na baada yake. Hesabu iliyoandikwa ina nguvu kuliko kulalamika.

Na jambo moja la tahadhari. Git haisahau. Jina la mwanachama au la mlalamikaji likiingia humo, kulifuta kwenye toleo la leo hakulifuti kwenye matoleo ya jana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Hifadhi yenye majina ya wanachama isiwekwe mahali pa wazi, hata kwa saa moja.

HILI NI JAMBO LA CHAMA

Huenda ndugu fulani atasema, "Haya ni ya mafundi, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Aliyefanya kazi kwenye tanuri la saruji anajua kwamba mashine ina namna yake ya kupangwa ambayo haimo katika kitabu cha mtengenezaji. Mzee wa zamu anaijua. Siku akistaafu bila kuiandika, zamu inayofuata hutoa saruji ile ile kwa jasho mara mbili. Na nyapara hatasema mpangilio umepotea. Atasema vijana wa siku hizi hawajui kazi.

Mchuma pamba analipwa kwa kilo. Karani wa siku hizi mara nyingi naye anahesabiwa kwa idadi ya fomu alizoingiza. Kama mashine yake imepunguzwa mwendo na badiliko alilolifanya mtu mwingine, hesabu yake imeshuka bila kosa lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kufanya kazi vibaya, amweleze sababu na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe katika kikao hicho. Lakini katika kikao hicho ataulizwa: ushahidi uko wapi? Mwenye kumbukumbu ya mipangilio, yenye tarehe na sekunde zilizopimwa, atakuwa na jibu. Asiye nayo atabaki na kiapo chake tu.

Kwa hiyo wawakilishi wa matawi, mnapokaa na mwajiri kuzungumzia vyombo vya kazi, ombeni mambo matatu. Kwamba hakuna mpangilio wa mashine utakaobadilishwa bila wanaoitumia kuambiwa. Kwamba kila badiliko liandikwe, pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake. Na kwamba kiwango cha kazi kisipandishwe wala mtu asiandikiwe onyo kabla mashine yake haijakaguliwa.

Maombi hayo hayamgharimu mwajiri mwema kitu, kwa sababu yeye pia hupoteza kazi mashine ikichelewa. Na matawi yetu wenyewe yaanze nyumbani. Wiki hii kila tawi lenye kompyuta liandike mipangilio yake kwenye ukurasa mmoja, liutie sahihi, na lipeleke nakala kwa tawi jirani, wa Kasese kwa wa Bwera, na wa Bwera kwa wa Kasese. Mto hautoi notisi.